Sura ya Saba: Taa Mpya, Waya wa Zamani

Ukiingia kwenye maduka ya spea ya Kariakoo, au ya Kirinyaga Road jijini Nairobi, ukauliza taa za ukungu, utawekewa mezani aina kumi kabla hujavuta kiti. Zipo za duara na za mstatili, za kioo cheupe na za kioo cha njano, za balbu ya kawaida na za LED. Uliza waya, na muuzaji atakushangaa kidogo: si umo humo humo kwenye boksi? Ni kweli umo. Utakuta nyaya mbili nyembamba zimeviringishwa, swichi ndogo yenye kitaa chekundu, na karatasi ya maelekezo ambayo hakuna aliyewahi kuisoma hadi mwisho. Rilei mara nyingi haimo. Fyuzi ikiwemo, imechomekwa jirani na swichi, mbali na mahali inapotakiwa kukaa.

Kwa hiyo mteja analipia taa, fundi anakabidhiwa taa, na umeme wa kuziwasha unatafutwa baadaye. Hutafutwa mahali pa karibu zaidi, yaani kwenye waya wa taa kubwa uliokuja na gari kutoka kiwandani. "Bosi, tunavuta moto hapa hapa, dakika kumi umeondoka." Dakika kumi ni kweli. Taa zinawaka, mteja anafurahi, boneti inafungwa. Matatizo huanza miezi kadhaa baadaye: taa kubwa zinafifia, swichi ya kwenye usukani inapata joto, fyuzi inakatika usiku wa mvua na gari zima linabaki bila taa za mbele. Likitokea kubwa kuliko hayo, ni moshi.

Kufunga taa yenyewe kwenye bampa ni bolti mbili na robo saa. Kazi ni waya, na hela yako ya ziada, kama unayo, iende kwenye waya. Sura hii inahusu waya.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu mengine yote yataonekana ni ushauri wa mtu mwoga. Balbu ya halojeni ya taa za ukungu, iwe H3 au H11, kwa kawaida ni ya wati 55. Mbili ni wati 110. Gari dogo linatumia betri ya volti 12. Gawanya wati kwa volti, unapata ampea 9 na ushee. Mtu aliyezoea umeme wa nyumbani ataona 9 ni namba ndogo. Basi achukue pasi ya nguo ya wati 1,000: kwenye umeme wa volti 230 pasi ile haifiki hata ampea 5. Taa zako mbili za ukungu zinavuta mkondo mkubwa mara mbili ya pasi. Na unene wa waya hupimwa kwa ampea, haupimwi kwa wati. Hapa ndipo wengi wanapopotea: wanasikia "wati 55" wanafikiria taa ya barazani, wanachukua waya wa taa ya barazani.

Hiyo ni hesabu ya taa ambayo tayari imeshawaka. Uzi wa tangsteni ulio ndani ya balbu, ukiwa baridi, una ukinzani mdogo sana, kama sehemu moja ya kumi ya ukinzani wake ukiwa unawaka. Ukibonyeza swichi, kwa muda usiofikia kufumba na kufumbua, balbu zinavuta mara kadhaa ya mkondo wake wa kawaida, kisha zinatulia. Mshtuko huo mdogo, kila unapowasha, unachoma vibati vya ndani ya swichi. Swichi iliyoandikwa ampea 10 itaonekana inatosha, nayo itafanya kazi vizuri hadi vile vibati viwe vyeusi na mkondo uanze kupita kwa shida. Ukiona kitufe kimeanza kulainika na kunuka plastiki, ni hapo.

Sasa tuuangalie waya wenyewe. Waya wa shaba wenye eneo la milimita 1 ya mraba una ukinzani wa takribani ohm 0.017 kwa kila mita moja. Ukilipunguza eneo hilo kwa nusu, ukinzani unaongezeka mara mbili. Ule wa kwenye boksi, au waya wa spika ambao mafundi wengi wa barabarani wanao tayari mfukoni, aghalabu ni wa nusu milimita ya mraba. Na ukifungwa kwa njia ya mkato, unatoka kwenye betri, unapenya hadi kwenye swichi ya dashibodi, kisha unarudi mbele hadi kwenye bampa. Tuseme mita 6. Ukinzani wa safari hiyo ni karibu ohm 0.2. Pitisha ampea 9, na volti 1.9 hivi zinapotelea njiani. Oltaneta inatoa volti 13.5, kwenye balbu zinafika 11.6.

Volti mbili si kitu, utasema. Kwa balbu ya halojeni ni kitu kikubwa, kwa sababu nuru yake haishuki sambamba na volti. Inashuka kwa kasi zaidi. Volti zikipungua kwa asilimia 10, nuru inapungua kwa karibu asilimia 30. Katika mfano wetu, karibu asilimia 40 ya nuru uliyoilipia haifiki barabarani. Mwenye gari anarudi dukani kulalamika kwamba taa ni feki. Pengine taa ni nzima kabisa.

Na zile volti mbili hazikupotea hewani. Zimegeuka joto ndani ya waya, wati 16 au 17, kila dakika taa zinapowaka. Joto hilo likisambaa mita zote sita halina neno sana. Likikusanyika kwenye kiungo kimoja kilichosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa solotepu, plastiki ya waya inalainika hapo, na siku moja shaba inagusa bodi ya gari.

Dawa yake ni waya mnene na mfupi. Kwa taa mbili za wati 55, mimi hutaka milimita 2.5 za mraba kutoka kwenye betri hadi kwenye rilei na hadi pale waya unapogawanyika, kisha milimita 1.5 kwenda kwa kila taa. Kwa safari ya mita mbili na nusu hivi kwa waya huo, upotevu haufiki volti 0.2. Lakini angalia ni milimita 2.5 za nini. Sokoni upo waya wa aluminiamu uliopakwa shaba juu, nao una ukinzani wa takribani mara moja na nusu ya shaba halisi. Ukwangue kwa ncha ya kisu: ukiona weupe chini ya wekundu, urudishe. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja mgumu nao haufai hata kama ni shaba tupu, kwa sababu gari linatikisika muda wote na uzi mmoja hukatika kwa kuchoka. Unataka waya wa nyuzi nyingi nyembamba, wenye plastiki inayovumilia joto la injini na mafuta. Maduka ya spea za umeme wa magari wanao, ila hawautoi mpaka uutaje.

Kinachofuata ni fyuzi, na hapa sina masihara. Fyuzi haiwekwi kulinda taa. Taa ikiungua, utanunua balbu nyingine. Fyuzi inalinda waya, na kwa kulinda waya inalinda gari na waliomo. Betri ya gari, hata ndogo, ikipigwa shoti inaweza kusukuma mamia ya ampea kwa mara moja. Waya mwembamba usio na fyuzi ukigusa bodi unakuwa mwekundu kwa sekunde chache, na unaziyeyusha nyaya zote zilizofungwa nao kwenye kifurushi kimoja. Ndiyo maana fyuzi lazima ikae karibu kabisa na betri, sentimita 15 au 20 tu kutoka kwenye kichwa cha chanya. Ukiiweka karibu na swichi, au karibu na taa, mita zote za waya zilizo kati yake na betri hazina ulinzi wowote. Shoti ikitokea katika kipande hicho, fyuzi itabaki nzima, safi kabisa, ikitazama gari linavyoungua.

Kwa mzigo wetu wa ampea 9, fyuzi ya ampea 15 inafaa. Ya 10 itachoka haraka kwa sababu ya ule mshtuko wa kuwasha. Ya 30, ambayo hupachikwa kwa kuwa "hii haikatikikatiki", ni sawa na kutokuweka. Fyuzi inayokatika mara kwa mara inakuambia kuna mahali waya unagusa. Tafuta mahali hapo kabla hujatafuta fyuzi kubwa zaidi. Na ile karatasi ya sigara yenye kung'aa inayozungushiwa fyuzi iliyokatika usiku porini imeshateketeza magari.

Tumefika kwenye rilei. Kanuni yake ni ya zamani kuliko gari lenyewe: miaka ya 1830 Joseph Henry, mwanafizikia wa Marekani, alionyesha kwamba mkondo mdogo ukipita kwenye koili ya waya unaweza kuvuta chuma na kufungua njia ya mkondo mwingine mkubwa. Kijiboksi cheusi kinachouzwa leo kwa bei ya chakula cha mchana kinafanya kazi hiyo hiyo. Swichi ya dashibodi inapitisha mkondo wa koili tu, kiasi cha ampea 0.2 au chini ya hapo. Koili inavuta kibati, kibati kinaunganisha njia kati ya betri na taa, na zile ampea 9 zinapita huko mbele, chini ya boneti, bila kuingia ndani ya gari wala kugusa swichi. Swichi hiyo inaweza kuishi miaka mingi kuliko gari. Waya wake unaweza kuwa mwembamba bila hatia yoyote. Hata ule wa kwenye boksi sasa umepata kazi inayoufaa.

Chini ya rilei utaona miguu yenye namba. Hizo zimetoka kwenye viwango vya Kijerumani, na watengenezaji karibu dunia nzima wamezifuata, kwa hiyo ukizijua mara moja umezijua popote. Namba 30 inapokea moto wa betri kupitia fyuzi. Namba 87 inautoa kwenda kwenye taa. Namba 85 na 86 ni ncha mbili za koili: moja inapata moto kutoka kwenye swichi, nyingine inakwenda ethi. Katika rilei nyingi hizi mbili zinabadilishana bila tatizo, isipokuwa zile zenye dayodi ndani, ambazo mchoro wake huwa ubavuni. Rilei yenye miguu mitano ina 87a katikati, na huo mguu wa tano ni mtego. Rilei ikiwa imelala, 30 imeungana na 87a. Fundi asiyeangalia akichomeka waya wa taa pale, taa zinawaka gari likiwa limezimwa, na ukibonyeza swichi zinazimika. Nimesikia jambo hilo likielezwa kuwa ni uchawi.

Swali linalofuata ni moto wa kuamsha koili utoke wapi. Ukiuchukua moja kwa moja kwenye betri, taa zitawaka hata funguo ikiwa mfukoni mwako. Ukizisahau, ampea 9 kwa saa 5 ni saa-ampea 45, ambazo ndizo betri nyingi za magari madogo zinazo kwa jumla. Asubuhi utaomba kusukumwa. Kwa hiyo swichi yako ipewe moto kutoka kwenye sakiti ya taa ndogo, zile za paki. Ukizima taa ndogo, za ukungu zinazimika pia. Mpangilio huu ndio unaotumika viwandani, na una faida nyingine: za ukungu haziwezi kuwaka huku taa za nyuma zimezimwa. Hilo ni kosa la hatari, kwa sababu wewe unaona mbele na aliye nyuma yako hakuoni.

Kwa nini nasema taa ndogo wakati waya wa taa kubwa uko karibu zaidi? Hapa kuna jambo ambalo limewatesa mafundi wengi wazuri. Katika magari kadhaa ya Kijapani, hasa Land Cruiser na Hilux za miaka ya nyuma, taa kubwa hazikatiwi moto, zinakatiwa ethi. Moto uko kwenye balbu muda wote taa zinapokuwa tayari, na swichi ya usukani ndiyo inayochagua njia ya kurudi ethi, ya dimu au ya fulu. Fundi anayedhani kila swichi inakata moto atavuta waya kwenye soketi ya taa kubwa na kushangaa: koili haiamki, au inaamka na kukataa kulala, au taa za ukungu zinawaka hafifu kwa kupitia uzi wa balbu nyingine. Kabla ya kukata waya wowote, chukua multimita, weka ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye waya unaoushuku, kisha mwenzako awashe na kuzima. Volti 12 zinazokuja na kuondoka pamoja na swichi ndizo unazozitaka. Testa yenye kitaa nayo inaonyesha, ila haikuambii kama volti ni 12 au 9.

Unapoutoa huo moto, usitumie vile vibanio vya plastiki vya bluu vinavyochana ngozi ya waya na kubana kwa meno. Vinaonekana vya kitaalamu. Baada ya msimu mmoja wa mvua, unyevu umeingia kwenye mchano na shaba imegeuka kijani. Kilehemu kiungo kwa risasi ukivike mpira unaosinyaa kwa moto, au tumia teminali ya kubanwa kwa koleo lake maalumu. Koleo la kawaida linaiponda teminali bila kuibana.

Lakini ngoja. Kabla ya hayo yote, kabla hata ya kwenda Kariakoo, lala chini ya bampa la mbele na tochi. Magari mengi tuliyonayo yametoka Japani yakiwa yameshatumika, na modeli moja iliuzwa huko kwa madaraja tofauti: la juu lina taa za ukungu, la chini lina vifuniko vya plastiki pale ambapo taa zingekaa. Kiwanda hakipendi kutengeneza mafurushi mawili ya nyaya kama moja linatosha, kwa hiyo aghalabu waya upo hata kwenye gari lisilo na taa, na plagi yake imefungwa kwa tepu nyuma ya bampa. Fungua na sanduku la fyuzi, utafute alama ya taa ya ukungu kwenye kifuniko, uangalie kama nafasi ya rilei ina vibati ndani au ni tundu tupu. Mwenye bahati anahitaji taa zenyewe, rilei, fyuzi, na mkono wa swichi wa usukani wenye pete ya kuzungusha. Hapo waya wa zamani ndio bora kuliko wowote utakaouvuta wewe.

Upande wa ethi hauna mengi, ila ndiko taa nyingi zinakofia. Mkondo unaoingia kwenye taa lazima urudi, na unarudi kupitia bodi. Bodi ina rangi, na chini ya rangi, hasa kwa magari ya Tanga, Mombasa na Zanzibar, kuna kutu. Skrubu iliyopigwa juu ya rangi itashika kwa wiki mbili. Kwangua hadi chuma king'ae, funga teminali ya duara kwa bolti, kisha paka grisi juu ili maji yasiingie. Kama bampa ni la plastiki na vishikio vyake vinatia shaka, vuta waya wa ethi hadi kwenye hasi ya betri yenyewe. Ni mita moja au mbili za waya, nawe umeondoa fumbo la baadaye.

Kupima ni rahisi. Injini ikiunguruma na taa zikiwaka, weka multimita kwenye volti, ncha moja kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye chanya ya taa. Usomaji ukizidi nusu volti, waya ni mwembamba au kiungo ni kibovu. Kisha hasi kwa hasi: hapo isizidi volti 0.2. Vipimo hivi viwili vinasema zaidi kuliko jicho la mtu yeyote anayesema "mbona zinawaka vizuri tu".

Magari mapya ya Ulaya yana sheria zake. Ndani yake kompyuta ndiyo inayowasha taa, inapima mkondo wa kila balbu, na ukiongeza mzigo kwenye waya wake itaonyesha taa ya onyo kwenye dashibodi au itakata sakiti ili kujilinda. Nyaya za taa ndogo zinaweza hata kupewa umeme wa kukatikakatika kwa kasi, ambao unaifanya rilei ilie kama nzi kwenye chupa. Kwa gari la namna hiyo, nenda kwa mwenye mashine ya kuisoma kompyuta na mchoro wa gari hilo mkononi. Malori na mabasi yanatumia volti 24, kwa hiyo balbu na rilei ziwe za 24, na kwa wati zile zile mkondo ni nusu.

LED zimepunguza maumivu ya ampea. Taa mbili za ukungu za LED za wati 18 kila moja zinavuta ampea 3 tu, na fyuzi ya ampea 5 inatosha. Wapo wanaosema basi rilei haina kazi. Kwa mkondo huo swichi nzuri inaweza kuumudu, sibishani. Fyuzi karibu na betri bado ni lazima. Ninachokataa ni mambo mawili yanayouzwa kwa jina la LED. La kwanza ni balbu ya LED inayochomekwa kwenye taa iliyoundwa kwa ajili ya halojeni: kioo cha nyuma kilipigiwa hesabu kwa uzi mmoja mdogo uliokaa mahali pake, na vipande vya LED havikai pale, kwa hiyo nuru inatawanyika na kumpiga anayekuja. La pili ni ule mstari mrefu wa LED wa kufanyia kazi shambani, unaofungwa juu ya bampa na kuitwa taa ya ukungu. Hauhusiani na ukungu hata kidogo.

Ukungu, kwa wataalamu wa hali ya hewa, ni pale uwezo wa kuona unaposhuka chini ya mita 1,000. Anayepanda kutoka Uyole kwenda Tukuyu kupitia milima ya Uporoto, au anayeteremka Limuru alfajiri ya Julai, hukutana na ukungu ambao haumpi hata mita 50. Ukiwasha fulu humo, mamilioni ya matone yaliyo mbele yako yanairudisha nuru machoni mwako, na unaona ukuta mweupe. Taa ya ukungu inakwepa hilo kwa kukaa chini na kutoa nuru pana iliyokatwa kama kwa rula upande wa juu, ili ipite chini ya macho yako na kuonyesha ukingo wa lami na mstari. Ndiyo maana kanuni namba 48 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa na watengenezaji wengi, inataka taa hizi kwenye gari dogo zikae kati ya sentimita 25 na 80 kutoka ardhini, na zisipite juu ya taa kubwa. Taa iliyofungwa juu ya kabini haiwezi kuwa ya ukungu, hata boksi liseme nini.

Rangi ya njano haina muujiza. Ufaransa ililazimisha taa za njano kwenye magari yake tangu miaka ya 1930 hadi 1993, na wengi bado wanaamini njano "inapenya" ukungu. Matone ya ukungu ni makubwa mno kuliko mawimbi ya nuru ya rangi yoyote, kwa hiyo yanatawanya njano na nyeupe karibu sawasawa. Njano inapunguza kero ya nuru yenye ubluu machoni, na wapo madereva wanaoipenda kwa hilo. Chagua unayoipenda, mradi zote mbili ziwe rangi moja.

Zielekeze jioni, gari likiwa kwenye sakafu iliyo sawa na ukuta ukiwa mita 5 mbele. Pima urefu wa katikati ya taa kutoka chini, weka alama ukutani, kisha shusha ukingo wa juu wa nuru sentimita 5 hadi 10 chini ya alama hiyo. Ukiziinua zaidi ya hapo ili "zione mbali", umezigeuza kuwa za kuwapofusha wenzako. Hazikuumbwa kuona mbali. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari linakwenda mita 22 kila sekunde, na nuru ya taa ya ukungu inaishia mita chache mbele ya hapo. Ukishazifunga, mwendo wako kwenye ukungu ubaki ule ule wa mtu asiye nazo, na ukungu ukiisha uzizime.

Siku ya kuchukua gari gereji, usiridhike kuona taa zinawaka. Mwambie fundi aache injini ikiunguruma na taa zikiwaka kwa nusu saa, kisha gusa waya mwanzo hadi mwisho, rilei, na kila kiungo: vuguvugu inakubalika, moto haukubaliki. Angalia pale waya unapotoboa ukuta wa chuma kuingia ndani ya gari. Kama hakuna raba kwenye tundu, makali ya bati yataukata. Rilei iwe imefungwa wima, miguu ikitazama chini, ili maji yasitulie ndani. Mwisho, mwambie akuonyeshe fyuzi kwa kidole. Ikiwa iko zaidi ya shubiri moja kutoka kwenye betri, au haipo, kazi haijaisha. Usimlipe mpaka aihamishe.